Njia Mbili za Kuzaa katika Mashamba ya Nyololo

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, shamba la familia pale Nyololo, wilayani Mufindi, huwa na mahindi yanayotoa mbelewele, matuta kadhaa ya viazi mviringo, kichaka cha mianzi ya ulanzi pembeni, na pengine kipande cha pareto upande wa mwinuko. Kando ya barabara kuu ya Mafinga kwenda Makambako imesimama misindano na milingoti ya watu binafsi. Ukichepuka njiapanda kuelekea Igowole na Kibao, unaanza kukutana na chai. Yote hiyo inanyeshewa na mvua moja, lakini haizaliani kwa namna moja. Kila punje ya hindi ina baba na mama. Kiazi kilichopandwa msimu huu ni sehemu ya mmea wa msimu uliopita, nao ulikuwa sehemu ya mmea wa msimu uliotangulia, hadi kufikia ua moja ambalo mtafiti fulani alilipaka chavua kwa mkono miongo mingi nyuma.

Shuleni tofauti hizi hufundishwa kwa jedwali la safu mbili, mwanafunzi akalikariri hadi siku ya mtihani. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini hili ni suala la chakula na ada za watoto. Ninachokiona ni kwamba kilimo chetu kinaegemea zaidi na zaidi upande wa nakala: viazi, chai, milingoti ya vipandikizi, parachichi za kubebesha. Si vibaya. Hatari ni kwamba kila nakala bora ilianza kama mtoto wa wazazi wawili, na kule wanakopatikana watoto wa namna hiyo hatukutunzi.

Tuanzie ndani ya seli. Uzazi usio wa kijinsia hutumia mgawanyiko ule ule unaorefusha mzizi na kuponya kidonda: kromosomu zote zinanakiliwa, seli inagawanyika, kila upande unapata seti kamili. Kiazi mviringo cha kawaida kina kromosomu 48, na kila jicho linalochipuka juu yake lina hizo hizo 48. Uzazi wa kijinsia unapitia mgawanyiko mwingine. Kromosomu zilizotoka kwa baba na zile za mama hujipanga jozi kwa jozi, hubadilishana vipande, kisha hutengana ili chavua au yai libaki na nusu tu. Hindi lina kromosomu 20, kwa hiyo chavua ina 10 na yai lina 10. Mbelewele moja hutoa chavua kwa mamilioni, na kila unywele wa ndevu za hindi umeshikana na punje yake. Punje mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu kwenye gunzi moja zinaweza kuwa na baba tofauti, mmoja wa shamba hili na mwingine wa shamba la jirani aliye upande upepo unakotoka.

Kwa hesabu tupu, uzazi wa kijinsia ni hasara. John Maynard Smith, mwanabiolojia wa Uingereza, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1970 kwa namna ambayo haijapata jibu rahisi. Mama anayezaa mabinti tupu, bila kuhitaji dume, ataongezeka mara mbili ya kasi ya mama ambaye nusu ya watoto wake ni madume wasiozaa. Vizazi vichache vikipita, ukoo wa mama wa kwanza ungepaswa kulijaza eneo lote na ule wa pili kutoweka. Ongeza gharama za kutafutana, za kutengeneza maua na nekta, na za kupakiza chavua kwenye upepo unaoimwaga kwingi pasipo na kazi.

Watu wa misitu wa Afrika Mashariki waliwahi kuiona hesabu hiyo ikitimia juu ya miti yao. Mwaka 1986 kidukari wa saipresi, mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu, aligunduliwa nchini Malawi. Kufikia mwaka 1990 alikuwa ameshavuka Tanzania na kuingia Kenya. Katika nchi hizi jike huzaa majike bila dume, tena hazai mayai bali watoto hai, na ndani ya matumbo yao wajukuu wameshaanza kuumbika. Mdudu mmoja aliyepeperushwa na upepo hadi kwenye mti mpya anatosha kuanzisha kundi. Hahitaji mwenzi atue kwenye tawi hilo hilo. Saipresi zilikauka zikiwa wima. Kilichosaidia kupunguza balaa ni nyigu mdogo sana anayetaga ndani ya kidukari, aliyeletwa kutoka Ulaya na kuachiwa Malawi mwaka 1994. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 milingoti nayo ikapata wake, nyigu wa asili ya Australia anayesababisha uvimbe kwenye vikonyo na majani machanga. Huyu pia ni jike anayezaa majike. Mwenye kitalu cha milingoti anapouona uvimbe huo, huwa anatazama kazi ya wadudu ambao karibu wote hawajawahi kuonana na dume.

Ikiwa njia hiyo ina kasi namna hii, kwa nini dunia haikujaa viumbe vya jike tupu? Majibu yako kadhaa. Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, linahusu maradhi. Vimelea huzaliana haraka kuliko mwenyeji wao na hujifunza kufuli la ukoo ulio mwingi zaidi. Ukoo usiobadilika ukishajulikana, umejulikana wote. Anayechanganya vinasaba kila kizazi huwa amebadilisha kufuli kabla ufunguo haujakamilika. Curtis Lively, mtafiti wa Marekani, alilipima jambo hili kwa konokono wa maji baridi wa New Zealand, ambao baadhi yao huzaa kwa kujamiiana na wengine bila dume. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1987, wanaojamiiana walipatikana zaidi mahali ambapo minyoo vimelea ni mingi. Pale vimelea vilipopungua, majike wanaozaa peke yao ndio walitawala.

Turudi kwenye matuta ya viazi, maana kwetu hakuna mahali palipo wazi zaidi. Bakajani chelewa huletwa na kimelea kinachopenda ukungu na ubaridi, hali ya hewa hasa ya Mufindi, Makete na Umalila. Ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, ambako maskini walikuwa wakitegemea zaidi aina moja tu, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo. Kimelea hicho nacho kina njia mbili. Kina jinsi mbili, A1 na A2, na mahali zinapokutana, kama nyanda za kati za Mexico, hutengeneza mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni bila mmea. Afrika Mashariki imekuwa ikisumbuliwa zaidi na koo za A1 zinazojinakili. Ukoo wa zamani umesukumwa na mwingine mkali zaidi uitwao 2_A1. Kwa hiyo mapambano ya shambani huwa ni ya nakala dhidi ya nakala, na siku A2 ikiingia na kuenea, kimelea kitaanza kuzaa watoto wa aina ambazo dawa na mbegu zetu hazijazizoea. Ndiyo maana ukaguzi wa viazi vya mbegu vinavyovuka mipaka ni jambo la kulisimamia kwa ukali.

Kuna tatizo jingine la kiazi ambalo halina kelele kama bakajani. Ua linapozaa kijitunda cha kijani, kile kinachofanana na nyanya changa na ambacho hakifai kuliwa, mbegu ndogo zilizomo ndani huwa zimeachana na virusi vingi vya mmea mama. Kiazi chenyewe hakina kichujio hicho. Virusi na bakteria wa mnyauko waliomo ndani ya mama huhamia kwa mtoto, maana mtoto ni mwili wa mama. Sasa angalia tunavyochagua mbegu. Mavuno yakitoka, viazi vikubwa vinajazwa kwenye magunia ya sokoni, vya wastani vinabaki jikoni, na vidogo vinawekwa pembeni ya stoo kusubiri msimu. Vingi kati ya vidogo hivyo vimetoka kwenye mashina yaliyodumaa kwa ugonjwa. Msimu baada ya msimu, mkulima anakuwa anachagua wagonjwa bila kujua. Mtu anaweza kusema aina fulani imechoka au udongo umechoka, na kumbe ukoo umebeba mzigo uliolimbikizwa kwa miaka. Dawa ya bei nafuu ni kupita shambani kabla majani hayajakauka, kuchomeka vijiti kwenye mashina yenye afya na kuvuna mbegu hapo peke yake. Dawa ya gharama ni ile ya maabara, kama inavyofanyika kwenye kituo cha utafiti cha Uyole mjini Mbeya, ambako kipande kidogo kabisa cha ncha ya chipukizi hukuzwa kwenye chupa ili kupata mche safi. Hiyo nayo bado ni nakala, isipokuwa imeoshwa.

Mahindi yana kisa cha upande wa pili. Mwaka 1964 kituo cha Kitale nchini Kenya kilitoa mbegu chotara H611, mtoto wa mahindi ya Kitale na mahindi ya milimani kutoka Ecuador yaliyoitwa Ecuador 573. Koo mbili zilizokuwa zimetengana kwa karne nyingi na kwa bahari zilipokutana, mtoto aliwazidi wazazi wote. Ndugu zake waliofuata, hasa H614, walishika mashamba ya Iringa na Mbeya, na Uyole nayo ikatoa chotara zake zenye herufi UH, kama UH615 na UH6303. Mkulima anayeipanda mara ya kwanza hufurahia shamba lililolingana. Akihifadhi mahindi hayo na kuyapanda mwaka unaofuata, anakuta mengine marefu, mengine mafupi, mengine yamebeba magunzi mawili na mengine hayana kitu. Hajalaghaiwa. Yale yaliyounganishwa kwa ustadi kwenye shamba la mbegu yametenganishwa tena na kuchanganywa upya na chavua ya shambani kwake. Sifa hii ya kuvunja kila mpangilio mzuri ndiyo gharama kubwa ya uzazi wa kijinsia: hauwezi kumhifadhi mshindi. Ndiyo sababu chai, ambayo Wajerumani waliianza Mufindi kwa mbegu mwishoni mwa miaka ya 1920, baadaye ilihamia kwenye vipandikizi. Unachukua kipande cha shina chenye jani moja na jicho moja, unakipanda kwenye kijifuko chini ya kivuli, na miezi kadhaa baadaye una mche ambao ni yule yule mama. Kituo cha Ngwazi, huko huko Mufindi, kimezilinganisha kloni za namna hiyo kwa miaka mingi, penye maji na penye ukame, na ndipo inapoonekana kwamba iliyo bora wakati wa maji si lazima iwe bora wakati wa kiu.

Viumbe vingi havikuchagua upande. Vinatumia njia zote mbili, kila moja kwa wakati wake, na hapo ndipo ninapopata somo kubwa kuliko lile la jedwali. Mgema wa ulanzi anakata ncha ya chipukizi la mwanzi asubuhi na jioni, utomvu unadondokea kwenye mbeta, na hamira za porini zinaingia humo. Wakati sukari ni tele, kila hamira huchipuza kinundu pembeni na kukiachia kiwe hamira nyingine. Kwa mwendo huo mtogwa mtamu unageuka kuwa mkangafu. Hamira za jamii hiyo zikiishiwa chakula, baadhi yake huacha kuchipuza na kutengeneza mbegu zenye nusu ya kromosomu, tayari kuungana na za ukoo mwingine. Kidukari wa nchi za baridi hufanya vivyo hivyo: majike peke yao kiangazi kizima, kisha madume na mayai majira ya baridi yanapokaribia. Kimelea cha malaria hujigawa bila jinsi ndani ya damu yetu, lakini ndoa yake hufungwa tumboni mwa mbu, na humo ndimo usugu wa dawa mbili tofauti unapoweza kukutana kwenye mtoto mmoja. Mwanzi wa ulanzi wenyewe hupandwa kwa kuhamisha shina lenye mizizi, na huweza kukaa miaka mingi mno bila ua. Ukichanua, kichaka hufa na mbegu ndizo zinazobaki na kazi. Nyuki wa mizinga yetu wamelipanga jambo hili kwa namna ya peke yake: yai lililorutubishwa huwa jike mwenye kromosomu 32, na lisilorutubishwa huwa dume mwenye 16, asiye na baba. Katika karibu vyote hivi kuna kanuni moja. Neema inapokuwepo, jinakili. Hali inapobadilika, changanya.

Wapo wasio na uchaguzi. Katika bonde la Kihansi, mashariki mwa wilaya hii ya Mufindi, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa manjano anayeishi kwenye rasharasha ya maporomoko tu. Jike wake hazai mayai bali vichura kamili, vidogo kama punje, baada ya kurutubishwa akiwa na dume. Bwawa la umeme lilipoyachepusha maji mwaka 2000, rasharasha ilikatika kwa sehemu kubwa. Wanyama 499 walichukuliwa kupelekwa Marekani, na miaka michache baadaye wengi wao walikuwa wamekufa. Waliobaki wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo kwa uangalizi wa hali ya juu, mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Aina ya namna hiyo haina kipandikizi cha kuhifadhi chini ya kivuli. Ukipoteza jozi, umepoteza ukoo, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Kinachonitia wasiwasi kuhusu nakala kimeandikwa vizuri zaidi kwenye historia ya mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika hai na kupandwa karibu na Pangani vilikuwa 62. Mkonge hauzai mbegu za maana. Hutoa mlingoti mmoja wa maua maishani mwake, juu yake vinaota vichipukizi, kisha unakufa. Kutoka kwenye mimea ile 62 yakajaa mashamba ya Tanga na Morogoro, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilivuna tani zipatazo 230,000, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Eneo lote hilo lilikuwa kama mmea mmoja uliorudiwa. Aliyetaka mkonge wenye majani mengi zaidi hakuweza kuupata humo hata angetafuta maisha yake yote, maana hakukuwa na tofauti ya kuchagua. Ilibidi watafiti wa vituo vya Amani na Mlingano warudi kwenye maua ya jamaa zake, wachavushe, wasubiri miaka na kutupa maelfu, ndipo ikapatikana chotara namba 11648. Leo inalimwa pia China kwa wingi, nayo huko imeshapata ugonjwa wake wa mistari kama ya pundamilia, kwa kuwa nayo ni nakala.

Muhogo umepita njia hiyo hiyo palepale Amani. H. H. Storey na R. F. W. Nichols, kuanzia miaka ya 1930, walipoona batobato inakausha mashamba na hakuna aina ya kienyeji inayohimili vya kutosha, waliuchavusha muhogo kwa mpira wa Ceara, mti wa jamaa yake usioliwa. Watoto wa kwanza walikuwa na mizizi isiyofaa. Wakawarudisha kwa muhogo tena na tena hadi mizizi ikarudi huku ustahimilivu ukibaki. Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria, na kutoka kwao zikazaliwa aina nyingi zinazostahimili batobato zilizotawanyika Afrika nzima kwa vipande vya miti. Mkulima anayekata pingili za muhogo ulioboreshwa mara nyingi anashika, bila kujua, tunda la maua yaliyochavushwa kwenye mlima wa Usambara.

Parachichi ndiyo nakala inayoenea kwa kasi sasa, Mufindi, Njombe na Rungwe. Kila mti wa Hass duniani ni kikonyo kilichokatwa kwa mnyororo mrefu kutoka kwenye mti mmoja wa Rudolph Hass huko California, ulioandikishwa kisheria mwaka 1935. Mti huo haukupangwa na mtu. Uliota kutoka kwenye kokwa ambalo wazazi wake hawakujulikana vizuri, na ukanusurika kukatwa baada ya kubebeshwa aina nyingine na kukataa. Mti mama ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi. Nakala zake hapa kwetu zinasimama juu ya mizizi isiyo yao: mwenye kitalu huotesha kokwa la parachichi la kienyeji, shina likifikia unene wa penseli analikata, analipasua, anachomeka kikonyo cha Hass na kukaza kwa utepe wa plastiki. Juu ni nakala, chini ni mtoto wa kijinsia asiyefanana na mwenzake wa kijifuko kinachofuata. Hata maua ya juu hayakuacha desturi ya zamani. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike, hujifunga, kisha hufunguka alasiri ya siku ya pili likiwa la kiume. Fuerte huanza na ujike alasiri, na udume asubuhi inayofuata. Ndiyo sababu wenye uzoefu hupanda Fuerte chache katikati ya Hass na kukaribisha mizinga.

Kuhusu ugonjwa ule ule uliouua mti mama, mashina ya kubebeshea kama Duke 7 na Dusa, yanayotumika California na Afrika Kusini, yalipatikana kwa njia ya kutafuta miti yenye kustahimili na kuizalisha. Miti ya kutafuta kwa namna hiyo tunayo Nyololo, Igowole na kwingineko, kwenye nyua za wazee na kando ya vinyungu, mingi ikiwa imeota yenyewe na kila mmoja ukiwa na mizizi yake. Kila msimu inakatwa kupisha Hass au kuchanwa mbao. Wenye vitalu, maofisa ugani na watafiti wa Uyole wangeweza kuianzia kazi hiyo kijiji kwa kijiji: kuorodhesha miti mikubwa ya kienyeji iliyodumu mahali penye maji yaliyotuama, kuweka alama kwenye ile ambayo haijaonyesha kunyauka, na kuotesha kokwa zake kwa mafungu yenye majina ya miti mama, ili miaka ijayo ijulikane mashina ya fungu lipi yaliyobaki hai.